Aroostook, Maine: kaunti ya baridi kwa anayetaka kujitegemea

Aroostook, kaunti iliyo kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, ipimwe kwa mwezi wa Januari. Julai kila shamba huko linavutia: viazi vimechanua, na ardhi ni rahisi ukilinganisha na sehemu kubwa ya mashariki ya Marekani. Januari ndiyo itakayokuambia kama utaweza kukaa. Usiku wa kawaida mjini Caribou hushuka hadi nyuzi 17 hivi chini ya sifuri, theluji ya mwaka hukaribia mita 3, na rekodi ya baridi ya jimbo zima la Maine, takriban nyuzi 45 chini ya sifuri, ilipimwa humu humu kwenye Big Black River, Januari 2009.

Kwa eneo la nchi kavu kaunti hii inazidi majimbo ya Connecticut na Rhode Island yakiunganishwa, na sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 67,000 tu. Hata hivyo, ramani isikudanganye. Upande wa magharibi karibu wote ni msitu wa mbao, barabara za malori ya magogo, bila umeme wala duka. Mahali pa kutafuta ni mashariki, kando ya barabara kuu namba 1 inayotoka Houlton, ikapita Presque Isle na Caribou, hadi bonde la mto Saint John mpakani na Kanada. Huko kuna mashamba, mafundi, na majirani wanaoujua msimu.

Kwa chakula tunaipa alama za juu. Mvua ni ya mwaka mzima, kwa hiyo bustani haimtegemei mtu wa kumwagilia kama ilivyo magharibi mwa Marekani. Siku zisizo na jalidi ni 120 hivi kwenye miinuko mizuri na pungufu mabondeni, kwa sababu hewa baridi huteremka na kutuama chini. Kipande kilicho kwenye mteremko kina thamani kuliko cha bondeni hata kama kinafanana kwa udongo. Viazi, kabichi, karoti, oti na bakwiti hukomaa bila wasiwasi. Mahindi na nyanya zinataka mbegu za muda mfupi na miche iliyooteshwa ndani. Angalizo moja kuhusu shamba lililolimwa viazi miaka mingi: wakulima huuacha udongo uwe na asidi ili kuzuia ukurutu wa viazi, hivyo pima pH (kipimo cha asidi) na uweke chokaa kabla ya kupanda mboga nyingine. Mifugo ndiyo inayokula bajeti. Ng'ombe hulishwa nyasi kavu kwa siku kama 200, kilo 12 kwa siku, yaani karibu tani 2.4 kwa kichwa, na zote ziwe bandani kabla ya Novemba.

Sasa joto, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Nyumba ya kawaida inayotegemea jiko la kuni hula mita za ujazo 20 hadi 30 kwa msimu. Kuni zipo tele, ila kuni mbichi ni hasara mara mbili: joto linapotea kukausha maji, na moshi uliopoa huganda ndani ya bomba la moshi kama lami, siku moja ukashika moto. Pasua mwaka mmoja kabla, panga juu ya magogo zisiguse ardhi, funika juu tu na uache pembeni wazi, kisha zipime kwa kipima unyevu. Zikizidi asilimia 20 zirudi kwenye rundo. Bomba lisafishwe kabla ya msimu na lichunguliwe tena katikati. Anayetumia mafuta na tangi lake liko nje ajue kwamba mafuta ya kawaida ya kupashia nyumba huwa mazito na kuziba chujio kwenye baridi kali. Wenyeji huyachanganya na mafuta ya taa.

Maji ya ardhini yapo karibu kila mahali. Swali ni kuyapandisha umeme ukikatika. Bomba la maji lizikwe mita 1.8, na pampu ya mkono iwe na kitundu cha kutiririsha maji chini ya kina cha barafu ili bomba lake la juu libaki tupu baada ya kuchota. Pampu isiyo na kitundu hicho hupasuka usiku wa kwanza mkali. Visima vya Maine vinajulikana kwa aseniki, ambayo ni sumu, na redoni, gesi yenye mionzi, na baadhi ya mashamba ya jimbo yalimwagiwa tope la maji taka lenye PFAS, kemikali za viwandani zisizooza, jambo lililopigwa marufuku 2022. Karibu na Limestone kuna kambi ya zamani ya jeshi la anga ya Loring, iliyofungwa 1994, yenye uchafuzi unaofahamika. Usitie sahihi kabla ya kupata majibu ya maabara ya aseniki, redoni na PFAS.

Gridi ya umeme ya kaskazini haijaungana moja kwa moja na ile ya New England. Inapitia New Brunswick, Kanada. Sola inasaidia kiangazi, lakini Desemba mwanga wa mchana hudumu kwa muda wa saa 8 na nusu hivi tu na mawingu ni mengi. Inamisha paneli nyuzi 60 au zaidi ili theluji iteleze, na betri za lithiamu ziwekwe ndani: kuzichaji chini ya sifuri kunaziharibu.

Kuhusu sheria, miji yenye wakazi chini ya 4,000 hailazimiki kusimamia kanuni za ujenzi za jimbo, na Maine iliingiza haki ya chakula, yaani haki ya mtu kulima na kula anachochagua, katika katiba yake 2021. Wengi hukimbilia maeneo yasiyo na serikali ya mji wakidhani hakuna wa kuwauliza, kumbe huko vibali vya ujenzi hutolewa na tume ya jimbo ya mipango ya ardhi.

Hospitali ziko Fort Kent, Caribou, Presque Isle na Houlton, lakini mgonjwa mahututi hupelekwa Bangor, na kutoka Fort Kent hiyo ni karibu kilomita 300. Mwenye maradhi ya moyo akae Houlton, iliyo karibu zaidi na Bangor, au asihamie kabisa, na mwenye mimba asiitegemee Houlton: wodi ya uzazi ya hospitali yake ilifungwa 2025. Kwa vifaa, jamii ya Waamishi, Wakristo wanaokwepa teknolojia ya kisasa, wa mji wa Smyrna inaishi bila umeme wa gridi, na kwao utapata majiko ya kuni na zana za mkono zinazotumika kweli.

Mwisho, uliza ofisi ya mji kwa maandishi kama barabara inayofika kwenye kiwanja inaondolewa theluji. Baadhi ya barabara hufungwa rasmi Novemba hadi majira ya kuchipua, na nyingine mji ulishaziacha, gharama ni ya mwenye nyumba. Kiwanja cha bei ya kutupa mara nyingi kiko mwisho wa barabara ya namna hiyo.