Uzoefu wangu: risasi zangu 50 zilimwagwa kwenye sinia moja

Mimi ni mwanachama wa uwanja huu binafsi wa shabaha, huku mashariki mwa Texas, tangu kabla ya joto la mwaka jana. Ada nalipa, sijachelewa hata mara moja. Sasa nasema: kama unajijazia risasi mwenyewe, yaani unaziunda nyumbani kwa ganda, baruti na kichwa, usiende pale. Au nenda, lakini nisikilize kwanza.

Jumamosi moja, si zamani, nilifika asubuhi na risasi 50 za bunduki yangu ya .308. Mtu atasema risasi 50 ni kitu gani, si anunue dukani? Zangu zilikuwa makundi 10, tano tano. Maganda ya aina moja, vichwa vya greni 168 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) vya aina moja, fataki, yaani viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda, za aina moja, na urefu nimeupima kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu, risasi moja baada ya nyingine. Kilichotofautiana ni baruti tu. Nilianzia chini kama kitabu cha mwongozo kinavyotaka, kisha kila kundi likazidi la kabla yake kwa greni 0.3. Hiyo ni kama gramu 0.02, uzito wa punje ya mchele hivi. Unapiga kundi la chini, unaangalia matundu kwenye karatasi ya yadi 100, unasoma kipima kasi, unatazama ganda lililotoka: fataki imebapa? Bolti, ile komeo ya bunduki, imekuwa ngumu kuinua? Ukiona dalili hizo za mgandamizo uliozidi, unaacha hapohapo, makundi ya juu hayapigwi. Kwa hiyo mpangilio ndio kazi yenyewe. Nilizipanga kwenye sanduku lenye vyumba 50, kila safu na karatasi yake.

Mezani kwa ukaguzi kulikuwa na kijana ambaye sikuwahi kumwona. Pale kila risasi hupitishiwa sumaku, kwa sababu vichwa vyenye chuma ndani huharibu vibao vya chuma na hutoa cheche, na majani ya kiangazi yanashika moto haraka. Sina ugomvi na sumaku. Sheria nzuri kabisa. Lakini huyu alichukua sanduku langu, akaligeuza juu chini, akamwaga zote kwenye sinia la plastiki, kisha akazikoroga kwa mkono kama anachagua maharage.

Nilisema, "Ngoja, ngoja!" Tayari.

Nikamweleza. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Risasi ni risasi. Si zote za bunduki moja?" Akasukuma sinia upande wangu na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.

Damu ilinichemka mpaka masikio yakawa ya moto. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori Selous, alibeba .458, bunduki ya wanyama wakubwa. Bunduki hiyo ilitoka mwaka 1956, na risasi zake za kiwandani za mwanzo zilisumbua: baruti ilishindiliwa mno ndani ya ganda, baada ya muda ikagandamana, isiungue sawasawa. Kwa mtu aliyesimama mbele ya nyati, hilo si jambo dogo. Alituambia tangu tukiwa watoto kwamba risasi usiyoijua ndani yake usiitie kwenye bunduki. Na sasa nilikuwa na 50 nisizozijua, nilizozijaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa macho hazitofautiki. Kuzipima nzima nzima hakusaidii, maana maganda yenyewe yanatofautiana kwa zaidi ya hizo greni 0.3. Dawa ni moja: nyundo ya kung'olea vichwa. Unafunga risasi kichwani mwa nyundo, unagonga chini, kichwa na baruti vinachomoka. Kisha unapima upya kwenye mizani. Mara 50. Nilikaa gereji usiku tatu, mke wangu ananiletea chai.

Ofisini nilimkuta mama mmoja, akaniambia hawana dhamana na risasi za kujijazia. Ndiyo hivyo tu. Nyota moja, tena nimewaonea huruma.

Ila kuna mzee mmoja mwanachama, huwa meza ya mwisho. Alikuwa ameona yote. Nilipopanga vitu vyangu niondoke, alifungua bolti yake, akaweka bunduki chini, akanifuata mpaka kwenye gari. Aliniuliza nitarudi lini. Wiki iliyofuata nilimkuta ananisubiri mlangoni. Alilishika sanduku langu mwenyewe, akamwonyesha yule kijana namna ya kupitisha sumaku juu ya vichwa, safu kwa safu, bila kutoa hata moja. Haikufika dakika moja. Mzee yule, Mungu amzidishie.

Na haki niseme: zile meza za zege hazitikisiki, paa linakukinga na jua ili risasi zisipate moto kabla ya kupigwa, na tuta la nyuma ni refu na salama. Kundi la sita lilitia matundu matano ambayo sarafu inayafunika. Nguruwe mwitu wanaochimbua mashamba ya watu huku wataipata hiyo. Sijui uwanja mwingine wa karibu ambapo ningepima vizuri hivyo. Nikabadili, nikaandika nyota nne.

Lakini nikikumbuka ule mkono unavyokoroga kwenye sinia, zinashuka. Kijana hakuomba radhi. Ofisi haijanipigia simu mpaka leo. Neno moja tu, "samahani," lingemaliza. Nyota mbili, na hizo mbili ni za mzee.

Ada yangu inakwisha mwezi ujao na bado sijaamua. Sanduku nimeliandika kwenye kifuniko kwa wino mwekundu, kwa Kiingereza, herufi kubwa, maneno yenye maana ya USIMWAGE.