TurtleBot3 Burger: roboti nzuri ya utafiti, ila ujue mipaka yake

Maabara inayotafuta roboti ya magurudumu ya kujaribia akili mnemba, na bajeti ni ndogo, ianze na TurtleBot3 Burger ya ROBOTIS, kampuni ya Korea Kusini. Imekuwepo tangu 2017, ina uzito wa kilo 1 na mwendo wake haupiti sentimita 22 kwa sekunde. Kwa wanafunzi wanaoanza huo mwendo wa pole ni neema: programu ikikosea, roboti hugonga ukuta na hakivunjiki kitu.

Uzuri wake hasa ni mabamba ya plastiki yenye matundu, yanayopangwa ghorofa juu ya ghorofa kwa nguzo na skrubu. Michoro iko wazi kwa kila mtu, hivyo bamba likivunjika unachapa jingine kwa printa ya 3D. Ukitanua umbo, badilisha pia umbali kati ya magurudumu (milimita 160) kwenye programu ya OpenCR, bodi inayoendesha mota. Usipobadilisha, ukiiamuru igeuke nyuzi 90 itageuka pungufu.

Usumbufu mkubwa ni saa. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo iliyo ndani ya roboti, haina betri ya kutunza saa, kwa hiyo ikiwashwa pasipo intaneti saa yake hubaki nyuma ya ile ya laptop inayochora ramani. Hapo ROS 2, programu inayounganisha sehemu za roboti na laptop, huvitupa vipimo vya leza ya kupima umbali kwa kuviona vya zamani, na ramani haisogei. Weka chrony (programu ya kulinganisha saa), Pi ichukue saa kutoka kwenye laptop. Pi na laptop zikishindwa kuonana kabisa, hakikisha ROS_DOMAIN_ID (namba ya kundi la ROS 2) inafanana pande zote mbili, kisha jaribu ruta yenu wenyewe. Mitandao mingi ya vyuo huzuia multikasti, yaani ujumbe mmoja kwenda kwa vifaa vingi, ambayo ROS 2 huitumia kutafuta vifaa.

Leza huona tabaka moja tu, karibu na kilele cha roboti. Viatu sakafuni haivioni, na kioo huidanganya. Ongeza kamera.

Modeli nzito ya akili mnemba ya kutambua picha ni mzigo kwa Pi. Wengi hukimbilia Jetson Orin Nano, kompyuta ndogo yenye nguvu zaidi, na kuichomeka kwenye OpenCR, lakini tundu la volti 12 hutoa ampea 1 tu, yaani wati 12, na Jetson inaweza kuhitaji 15 au zaidi. Itazimika katikati ya kazi. Ipe betri yake, au iache modeli kwenye laptop.

Betri ya roboti, LiPo (aina ya lithiamu) ya volti 11.1, hukaa kama saa mbili na nusu kwa maelezo ya kiwanda. OpenCR ikilia kuonya kuwa chaji imepungua, zima papo hapo. Agiza ya pili pamoja na roboti, maana betri hizi husafirishwa kwa ndege kwa masharti makali.