TAHADHARI: Tapeli wa Coaster za kukodi, Tabora kwenda Kigoma

Wana Tabora mwangaluka, ndugu zetu wa Kigoma mwakeye. Mwenye timu, kwaya au kundi la marafiki linalojiandaa kusafiri wikendi, naomba asome hii kabla hajatuma hata shilingi kwa mtu anayedai ana Coaster ya kukodi.

Kuna jamaa yuko kwenye magrupu ya WhatsApp ya michezo hapa mjini. Hajitangazi, anavizia. Mtu akiuliza tu, "Wadau, nani anajua gari ya kwenda Kigoma Ijumaa?", muda si mrefu anamfuata inbox. Anakuita kiongozi, hana papara, na barabara anaijua: mkitoka saa kumi alfajiri chai mtakunywa Kaliua, mtavuka Malagarasi jua halijachoma, na baada ya Uvinza hakuna tena shida, mtakula migebuka Kibirizi. Ukimsikiliza unaona huyu ni dereva wa njia ile kabisa.

Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye bonanza uwanja wa Lake Tanganyika, soka kwa wanaume na netiboli kwa wanawake. Pesa ilichangwa kwa tabu. Dada zetu wa netiboli walikuwa wakiamka usiku kukaanga maandazi ya kuuza ili fungu lao litimie. Jamaa alitaka Sh 1,100,000 kwenda na kurudi, chini kidogo ya wenzake, si chini kiasi cha kukushtua. Advansi Sh 400,000. Usiku wa kuamkia safari akapiga tena: gari iko sheli, ongezeni Sh 150,000 ya mafuta, tutakatana kwenye salio. Mabegi yameshafungwa, ruhusa za kazini zimeombwa, pesa ikatumwa.

Alfajiri tuko nje ya uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na mipira yetu. "Nipo Isevya hapa, nakuja." Baadaye kidogo, "nimepata pancha." Kisha simu haipatikani, na haijapatikana mpaka leo. Waliokuwa na nauli mfukoni walikimbilia stendi kutafuta basi, wengine wakarudi makwao. Netiboli hatukutimiza idadi ya wachezaji, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Wale mabinti walilia, na hilo ndilo linaniuma kuliko hizo hela.

Sasa angalieni alama zake, maana picha anazotuma ni zilezile kwa kila mtu. Coaster nyeupe yenye mstari wa bluu, viti vya kitambaa chekundu. Gari anasema inalala Isevya, lakini ukiikuza picha, nyuma yake kinaonekana kituo cha mwendokasi. Mwendokasi iko Dar es Salaam, Tabora hatuna. Namba ya gari kwenye picha hiyohiyo ni ya njano, yaani gari binafsi. Gari ya abiria wa kulipa inavaa namba nyeupe na inatembea na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hili la rangi msilichukulie kama jambo la trafiki tu: hata kama gari ingekuwepo, mkipata ajali mkiwa abiria wa kulipa ndani ya gari iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, kampuni ya bima ina pa kushikia kukataa kulipa. Njia ile ni karibu kilomita 400.

Alama nyingine ni jina. Unapotuma pesa, jina la mwenye laini linatokea kabla pesa haijaondoka. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke, na jibu lake analo tayari: "Huyo ni mke wangu, yangu imejaa." Namba yenyewe siibandiki hapa kwa makusudi. Iko polisi, na inawezekana kabisa laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mama wa watu ambaye hajui lolote. Na wewe piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika waifunge.

Halafu kuna awamu ya pili, na hii ndiyo chafu zaidi. Baada ya sisi kulalamika kwenye grupu, mhasibu wetu akapigiwa na mtu aliyejiita afande wa makosa ya mtandao. Anajua kiasi tulichotapeliwa, anajua na muda wa muamala. Anasema pesa imezuiliwa, tutume Sh 30,000 ya kuifungulia. Hiyo hatukutuma. Polisi hawafungui jalada kwa kutumiwa hela kwenye simu binafsi. Unakwenda kituoni, unaandikisha maelezo, unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni.

Wanaosafiri wikendi zijazo, nendeni mkaione gari kwa macho. Tumeni mtu mmoja stendi au mahali inapolala, aishike, aone leseni ya LATRA na kibali cha safari ya kukodi, alinganishe namba ya gari na ya kwenye kadi. Bima mnaikagua wenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, mtandaoni kwa kuingiza namba ya gari. Andikishianeni, na mashahidi wawepo. Advansi itoke gari ikiwa mbele yenu, na kubwa ibaki hadi mfike. Mwenye gari wa kweli hakasirikii maswali hayo, tumeshakutana nao baada ya hapo na wanatoa karatasi bila kusukumwa. Treni ya Tabora hadi Kigoma nayo ipo kwa wanaoweza kupanga siku zao kwa ratiba yake.

Aliyekwisha kulizwa, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako palepale kabla pesa haijatolewa, na namba ya tapeli itume kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ndiyo kazi yake. Usifute meseji wala sauti alizokutumia. Kama ni Coaster hii ya mstari wa bluu na viti vyekundu, njoo kituo cha kati Tabora na ujumbe wako wa muamala, tuunganishe malalamiko na ya kwetu.