Seti ya kusafisha maji taka kwa bakteria: mzigo mzuri ila maelekezo ya joto ni sifuri

Boksi la hii seti, inayosafisha maji taka huku ikitoa umeme kidogo, limeandikwa "inafanya kazi kwenye joto la kawaida" halafu basi, joto la kawaida la wapi sasa? Maana kwenye hivi vitu joto ndo kila kitu.

Vifaa vyenyewe sina ugomvi navyo. Chombo kimoja hakivuji, anodi (ncha wanakokaa bakteria) ya kitambaa cha kaboni, kathodi (ncha ya pili ya umeme) inayovuta hewa upande wa pili, waya wa kuziunganisha na rezista, yaani kikinza umeme, ya ohm 1000. Unamimina maji taka, bakteria kama wale Geobacter wananata kwenye anodi, wanakula uchafu na elektroni, zile chembe za umeme, wanazisukumia kwenye waya. Wa kuchaji simu msinunue, umeme wake ni kiduchu mno.

Mimi nilikiweka kwenye beseni la maji lenye hita ya tangi la samaki, nyuzi 30 hivi, na utando wa bakteria ukashika vizuri tu kwenye anodi, wa kahawia unaoteleza, mita ya volti ikapanda taratibu ikatulia jirani na volti 0.4. Kuzima hita chumba kikashuka kwenye 15, mita nayo ikaporomoka, nikiwasha inarudi, yaani bakteria hawajafa wamezubaa tu. Sasa jamaa yangu ana seti hiyohiyo akaianzishia kwenye baridi kama kijitabu kinavyoruhusu, mita ikagoma kabisa akataka kuitupa. Siri iko hapo jamani: utando uliojengwa kwenye joto unavumilia baridi baadaye, ila ukilazimisha uanzie kwenye baridi utasubiri sana na pengine usipate kitu.

Na msizidishe moto mkidhani ndo kasi, 30 mpaka 35 inatosha, ukipita 40 na kitu utando wa bakteria hawa wa kawaida unaharibika na huo haurudi hata uzime hita.

Baridi ina kafaida kake lakini, vile vijidudu vinavyotengeneza gesi ya methani, vinavyogombania chakula hichohicho na bakteria wetu, navyo vinalegea. Tatizo maji ya baridi yanabeba oksijeni nyingi, kwenye nyuzi 10 ni kama miligramu 11 kwa lita wakati kwenye 30 ni 7.5 hivi, na ikipenya kupitia kathodi uchafu unaliwa bila umeme kutoka.

Nawapa nyota tatu. Ya nne wataipata siku wakitia kipimajoto ndani ya boksi na kuandika namba za nyuzi kwenye kijitabu.