Kamera ya nyuzi 360 kwenye magofu ya Kaole: uzoefu wangu

Natembeza wageni Bagamoyo, na kamera hii ndogo niliinunua ili watu walio mbali wayaone magofu ya Kaole kabla hawajafunga safari. Nimeitumia vya kutosha. Penye uwazi ni nzuri mno. Penye nafasi finyu inasumbua, na sababu iko kwenye lenzi zenyewe.

Ina lenzi mbili za jicho la samaki zilizopeana mgongo. Kila moja inaona zaidi ya nyuzi 180, hivyo pembezoni zote mbili zinaona kitu kimoja, na hapo ndipo programu inapoziunga picha. Tatizo ni kwamba lenzi mbili haziwezi kukaa mahali pamoja. Zimetengana sentimita chache, kwa hiyo kitu cha karibu kila moja inakiona kwa pembe yake. Jahazi lililo mbali baharini halina shida. Lakini simama karibu na ukuta wa msikiti wa Kaole, ule unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13: jiwe la matumbawe linakatika kwenye mshono, nusu moja imepanda, nyingine imeshuka. Kaburi la nguzo likiangukia hapo, nguzo inapinda. Mgeni ambaye hajawahi kufika ataamini ndivyo ilivyo, na hilo linaniuma, kwa sababu mahali hapa panastahili kuonyeshwa sawasawa.

Kwa hiyo lenzi moja naielekeza kwenye nguzo moja kwa moja, mshono nauachia vichaka, halafu nasogea nyuma kidogo. Picha inatoka safi.

Fimbo ya kuishikia haionekani kabisa, maana inajificha kwenye upenyo mwembamba ulio karibu kabisa na kamera, kati ya lenzi, ambao hata lenzi moja haiufikii. Wageni wanalipenda sana hilo.

Kuhusu ukali wa picha, sanduku limeandikwa 5.7K. Video yake ina upana wa pikseli 5,760, lakini zimetandazwa kuzunguka nyuzi zote 360, yaani pikseli 16 kwa kila nyuzi. Anayetazama kipande cha nyuzi 60 anapata pikseli 960 tu. Nakshi za milango ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo hazisomeki. Hizo napiga kwa kamera ya kawaida.

Kamera ya kawaida nayo inaweza kuzungushwa juu ya stendi, mhimili ukipita pale miale inapokutana ndani ya lenzi, na mshono usionekane hata kwa vitu vya karibu. Kwa magofu yaliyotulia ni njia bora, ila inataka subira. Soko la samaki halisubiri: wachuuzi wanatembea, mashua zinayumba. Pale kamera ya lenzi mbili haina mpinzani, inanasa kila upande kwa mara moja.

Vioo vyake vimechomoza, mchanga unavikwaruza upesi, kwa hiyo usiilaze chini ufukweni. Na ukienda dukani, itazame kwa ubavu kwanza. Kadiri ilivyo nyembamba ndivyo lenzi zinavyokaribiana, na ukuta wa karibu haukatiki sana.