Sato wa ziwani, na meza ya wabishi Kirumba

Kibanda kiko Kirumba, Mwanza, ukishuka kuelekea soko la samaki la Mwaloni, kabla harufu ya dagaa haijakushika koo. Bango hakina. Ulizia kwa Mayu mwenye meza ndefu.

Nianze na samaki, maana ndiye aliyenipeleka. Sato wa kukaanga na ugali ni 8,000. Anakaangwa ukishaagiza, si wale wanaolala kwenye kabati la kioo tangu asubuhi. Ukitaka ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, sema mapema. Vijana wanataka sembe na chipsi, naye anafuata soko. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliacha kupika mwaka jana. Nimelalamika, akacheka.

Ninachomsifia zaidi ni kwamba ukimwuliza samaki huyu ni wa ziwani au wa kufugwa kwenye vizimba, hakufichi. Wa vizimba ana mafuta mengi na nyama laini mno, mimi simli. Siku wa ziwani wakikosekana, huniambia hata sijakaa: "Babu, leo kula sangara." Nakula, ingawa sangara naye ni mgeni, aliletwa ziwani enzi za mkoloni.

Sasa hiyo meza. Siasa ruksa, ila atakayetukana mama wa mwenzake ananunulia meza nzima soda. Mimi ni mwanachama wa CCM, kadi yangu ni ya 1979 na ada nalipa. Lakini mengi sikubaliani na chama changu, na shinani kwangu wanajua. Nimebaki kwenye Azimio la Arusha la 1967: kiongozi asiwe na hisa kwenye makampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo chama kiliyalegeza kwenye kikao chake cha Zanzibar, Februari 1991. Mimi sikulegea.

Kuna mgahawa mwingine mjini (siutaji) nilisema maneno hayo hayo, nikaletewa bili chai ikiwa nusu. Mwenyewe alidhani nimetumwa na wapinzani. Wapinzani nao nikikaa nao wananiita mhafidhina, kwa kuwa nasema vyama vingi vilikuja 1992 kabla hatujamaliza kukitengeneza kimoja. Basi sina pa kukaa ila kwa Mayu.

Alhamisi iliyopita kijana wa bodaboda alinisikiliza mpaka mwisho, akalamba vidole, akauliza: "Babu, masharti hayo yakirudi, nani atabaki wa kuchukua fomu ya kugombea?" Meza ikaangua kicheko. Nilitafuta jibu mpaka ugali wangu ukapoa na kukakamaa. Mayu akaniletea mwingine wa moto, hakuongeza hata shilingi. Jibu ninalo sasa, nitampa wiki hii.

Kasoro zipo. Benchi la upande wa barabarani lina mguu mmoja mfupi, ukicheka sana unamwagika na mchuzi. Pilipili ni ya chupa. Zamani alikuwa anasaga mwenyewe. Taarifa ya habari ikianza, redio inapandishwa sauti mpaka husikii unachokipinga. Malipo ya simu anapokea, makato ni juu yako.

Fikeni kabla ya saa saba, saa nane sato wa ziwani wamekwisha. Na kile kiti cha mwisho wa meza, karibu na jiko, Alhamisi kina mwenyewe.