Sheria za vita vya Wilderness katika Old School RuneScape: adhabu nzuri, hesabu mbovu

Gemu nyingi za kuigiza mtandaoni hurekebisha uwiano wa mapigano ya mchezaji kwa mchezaji kwa kupunguza makali ya silaha hii na kuongeza ya ile. Wilderness, eneo la gemu ya Old School RuneScape ambako wachezaji huruhusiwa kuuana, hutegemea zaidi mambo mawili mengine: nani anaruhusiwa kumpiga nani, na anayeuawa anapoteza nini. La pili limetungwa kwa akili sana. La kwanza limesimama juu ya hesabu mbovu, na wajanja wanaijua vizuri.

Wilderness imegawanywa kuanzia leveli 1 kusini hadi 56 kaskazini kabisa. Ukiwa leveli 20 ya eneo, unaweza kushambuliana na yeyote ambaye leveli yake ya vita haijapishana na yako kwa zaidi ya 20. Mwenye leveli ya vita 81 hapo ana maadui kuanzia 61 hadi 101. Akiwa leveli 5 ya eneo, ni 76 hadi 86 tu. Kadiri unavyozama ndani ndivyo wanaoweza kukuwinda wanavyoongezeka, na njia za kutoroka zinavyopungua. Ukipita leveli 20 uchawi wa kawaida wa kujihamisha unakataa, na ukipita 30 hata mkufu wa kujihamisha uitwao glory hauna msaada. Hakuna mwongozo unaohitajika. Ramani yenyewe inamwambia mchezaji amekubali hatari kiasi gani.

Adhabu ya kifo nayo inatenda haki. Kwa kawaida aliyeuawa hubaki na vitu vitatu vyenye thamani kubwa zaidi. Aliyeanza uchokozi, yaani aliyempiga mtu ambaye hakumgusa, hubandikwa fuvu kichwani kwa dakika 20, na akifa katika muda huo habaki na hata kimoja. Sala ya kulinda kitu (sala ni nguvu unazowasha kwa pointi zinazoisha), inayopatikana kwenye leveli 25 ya Sala, huokoa kitu kimoja zaidi kwa kila upande. Hapo ndipo Smite inapoingia. Sala hiyo ya leveli 52 hukausha pointi za sala za mpinzani kwa robo ya madhara unayompa, kwa hiyo pigo la 40 linaondoa pointi 10. Mwenye fuvu aliyeingia na pointi chache hugundua sala yake imezimika sekunde chache kabla ya upanga wake wa bei mbaya kuanguka chini. Kama umeenda kuua majitu tu, yaani maadui wanaoendeshwa na gemu yenyewe, washa mpangilio wa kuzuia fuvu kabla ya kuvuka mpaka. Mtego wa kumfanya mtu abofye mchezaji mwingine bila kukusudia ni wa zamani, na bado unanasa watu.

Tatizo liko kwenye leveli ya vita yenyewe. Inakokotolewa hivi: jumlisha Ulinzi, Uhai na nusu ya Sala (desimali inaondolewa), zidisha kwa 0.25. Kisha jumlisha Shambulio na Nguvu, zidisha kwa 0.325. Upinde na Uchawi hukokotolewa kila mmoja peke yake: leveli mara 1.5, desimali inaondolewa, halafu mara 0.325. Kati ya matokeo hayo matatu ya kushambulia, kubwa kuliko yote ndilo linalohesabiwa, nalo huongezwa kwenye lile la mwanzo. Mengine mawili yanatupwa.

Sasa linganisha akaunti mbili. Ya kwanza imejengwa kwa uwiano: Shambulio, Nguvu, Ulinzi, Upinde na Uchawi vyote 65, Uhai 70, Sala 43. Inatoka 81.25, yaani leveli 81. Ya pili ni ile wachezaji wanayoiita pyua, inayobana Ulinzi kwa makusudi ili leveli ya vita ibaki chini: Shambulio 60, Nguvu 99, Ulinzi 1, Uhai 94, Sala 52, na juu yake Upinde 99 na Uchawi 99. Inatoka 81.925, nayo ni leveli 81. Upinde wake wa 99 unazaa 48.1, chini ya 51.675 ya mapigano ya ana kwa ana, kwa hiyo hauhesabiwi hata chembe, Uchawi vilevile. Kwa macho ya gemu, hawa wawili ni sawa.

Watetezi husema pyua analipia kwa kukosa deraya, kwani ya rune inadai Ulinzi 40 na ya Barrows 70. Ni kweli, lakini nusu tu. Kinga dhidi ya uchawi hutokana na leveli ya Uchawi kwa asilimia 70 na Ulinzi kwa asilimia 30, kwa hiyo pyua wetu ni mgumu kugandishwa kwa barafu kuliko mwenzake aliyevaa chuma. Tena ana Uhai zaidi kwa 24.

Dawa si ngumu kuiona: hesabu pia nusu ya matokeo ya mtindo wa pili kwa ukubwa. Akaunti ya uwiano ingepanda hadi 97 na pyua hadi 105. Pengo la 8 lingetosha kuwatenganisha kwenye leveli 7 za mwanzo za eneo, panapojaa wapya. Bei yake ni kwamba kilele cha 126 kingepanda, na akaunti zilizojengwa kwa miaka kwa hesabu ya zamani zingevurugika. Mabadiliko ya gemu hii hupigiwa kura na wachezaji, na sitarajii wenye akaunti hizo wapige kura ya ndiyo.

Pale ambapo sheria za kupigana na majitu zimetenganishwa na za kupigana na watu, kazi imefanywa vizuri. Sala za kinga huzuia mapigo ya majitu mengi kabisa, lakini dhidi ya mchezaji hupunguza asilimia 40 tu: pigo la 50 linakuwa 30. Zingezuia lote, wawili wanaojua kubadilisha sala kila tiki (kipigo cha saa ya gemu) ya sekunde 0.6 wangepigana hadi kesho. Chakula kimeachwa huru zaidi. Papa anarudisha Uhai 20, dawa ya Saradomin 16 kwa mwenye Uhai 94, na samaki wa karambwan 18, vyote ndani ya tiki moja vikiliwa kwa mpangilio huo. Ni 54 kwa mkupuo, na ndiyo sababu mapambano huamuliwa na mfululizo wa mapigo mawili makubwa. Kumchosha mtu polepole hakufui dafu.

Kwenye maeneo ya vita vya wengi sioni uwiano wowote. Ice Barrage, uchawi wa barafu unaodai Uchawi 94, hupiga hadi watu 9 kwenye miraba 3 kwa 3 na kuwagandisha kwa takriban sekunde 19. Sekunde chache za kinga baada ya barafu kuyeyuka zina maana kwa mtu anayekabiliana na mmoja. Mbele ya kundi la kumi hazina, maana hakuna sheria inayopunguza madhara kwa idadi ya washambuliaji. Mapango ya majitu yaliyoongezwa 2023, ya Artio, Calvar'ion na Spindel, yamesaidia: mtu anaweza kukuvamia ukiwa unapigana na jitu, lakini akishaanza, mwingine haruhusiwi kuungana naye.

Anayetaka ustadi tupu aende Last Man Standing, ambako watu hadi 24 hupewa leveli na vifaa vya kufanana na hawapotezi chochote chao, au PvP Arena iliyochukua nafasi ya Duel Arena mwaka 2022. Hapo unachagua aina ya akaunti, pyua ikiwemo, na kukutanishwa na wa aina yako. Kwa adhabu na ramani Wilderness inastahili nyota nne kati ya tano. Kwa hesabu ya leveli, mbili, na mgeni mwenye akaunti ya uwiano asipite leveli 10 ya eneo kabla hajaweza kubadilisha sala bila kutazama kitufe.